Siku Nilipomtetea Fundi

"Usipumue."

"Mpaka lini?" Dada aliuliza, mikono ameiinua juu kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Mpaka nimalize ubavu huu. Ukipumua pini itakuchoma, halafu utasema mdogo wako ana wivu."

"Shemeji, unamsikia huyu? Ananifunga kama mzigo wa kusafirisha."

Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia gotini. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni, maana ndani hapakuwa na nafasi. Sebule yao ndiyo ilikuwa kiwanda. Cherehani ilikaa chini ya dirisha, pasi ilikaa juu ya blanketi lililokunjwa mara nne, na kamba ilikatiza ukuta hadi ukuta ikiwa imebeba nguo zilizokuwa zikisubiri zamu: suruali mbili za kiume zilizokusudiwa kuwa sketi moja ndefu, shati la mtu mnene lililokwisha kuwa blauzi, na vigauni visivyo na mikono vikingoja mikono.

Nguo zote zile nilizileta mimi. Ninauza mitumba. Robota likifunguliwa sokoni, mimi ndiye wa kwanza kuingiza mkono, na kitambaa nikishakishika mara moja sikisahau. Na mwenye cherehani, mdogo wake Dada, ndiye niliyempenda. Mtaa mzima walimwita Fundi, nami nikamwita hivyo hivyo, ila mimi jina hilo nililiita kwa sauti nyingine.

Gauni alilomvalisha Dada lilikuwa la mahameli, kijani cha chupa. Lilipotoka kwenye robota lilinitia aibu hata kulikunjua mbele za watu. Mgongo ulikuwa wazi mpaka kiunoni, mpasuo umepanda mpaka pajani, na nyuma lilikuwa na mkia wa kuburuta hatua mbili nzima. Fundi aliukata ule mkia. Kwa kitambaa chake akafunga mgongo, akatoa mikono mirefu, na mpasuo akauziba kwa marinda ambayo ungeapa yalizaliwa nalo.

"Mkono wa kushoto ulinitoa jasho," aliniambia, pini mbili zikiwa bado mdomoni. "Mahameli ina malazi yake. Ukilaza kipande kinyume, rangi inageuka. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, nikaunga vipande vitatu, vyote vikitazama upande mmoja. Tafuta kiungo."

Nilitafuta. Sikukiona.

"Kiko kwapani. Na pale patabaki kuwa siri ya Dada na sabuni."

Dada alijitazama kwenye kioo. Kisha akasema polepole, "Miaka thelathini na tatu. Sijawahi kuipenda namba kama hii."

"Una thelathini na nane," nikamkumbusha.

"Shemeji, wewe ndiye ulinizaa?"

Alikuwa akichumbiwa na Mwalimu, mtu mpole wa shule ya jirani. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesema umri upunguzwe, kwa sababu shangazi yake aliyemlea alitaka mkwe ambaye bado ana miaka ya kuzaa. Na Shangazi huyo huyo alikuwa ametuma ujumbe kwamba siku atakapokuja na ukoo kumwona bibi harusi, asimkute amevaa mitumba. Kwao, alisema, hawavai nguo za wafu.

Dada alipoingia chumbani kuvua, Fundi alisogea mpaka mlangoni, akaniinamia.

"Jumamosi wewe ni mgeni. Utakula, utakunywa, utatabasamu. Gauni limetoka dukani, nje ya nchi, limetumwa na mjomba."

"Mjomba yupi?"

"Yule ambaye hatuna."

"Mbona unaificha kazi yako? Watu wakiona hili gauni, wiki ijayo foleni itafika barabarani. Waambie! Weka hata lebo yenye jina lako shingoni mwa kila nguo. Wenzako wanaharibu na wanajisifu."

"Pilipili wangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita nikiwaka. "Mwanamke anayekuja kwangu hanunui gauni tu. Ananunua kunyamaza kwangu. Akitoka hapa anataka watu wamwone yeye, wasione kitambaa kilipotoka. Hujawahi kunisikia nikisema nguo ya fulani ilikuwa nini."

"Sijawahi."

"Basi na wewe usiseme. Niahidi."

"Naahidi."

"Niahidi bila kuangalia dari."

Nikamtazama usoni. "Naahidi. Na Dada akishaolewa, nikikuomba wewe, utasema nini?"

"Niombe siku hiyo." Alitabasamu, akashusha macho. "Dada alifua mashuka ya hosteli miaka kumi na mmoja ndipo akaninunulia cherehani hii. Siwezi kutangulia kutoka mlangoni nikamwacha peke yake. Akitoka yeye, mimi nitakuwa nimeshika viatu mkononi, nakusubiri."

Hilo ndilo lililokuwa rehani Jumamosi ile. Harusi ya Dada, na nyuma yake yangu.

*

Walikuja watu saba, saa nne asubuhi. Mwalimu alikaa katikati, suti imembana mabega. Shangazi alichukua kiti cha pekee chenye mikono. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye duka la vyombo, na alitazama kila kitu kama anayetafuta ufa kwenye sahani.

Dada alipotoka chumbani, vichwa vyote saba viligeuka. Wallahi nimeona wanawake wengi wamevaa vitambaa vyangu, lakini siku ile nilimeza mate. Gauni lilimshika bila kumbana, likashuka mpaka chini kwa heshima zake zote.

"Sogea, mwanangu," Shangazi akasema. Alishika mkono wa gauni kwa vidole viwili. "Hii ndiyo nguo. Mmetumiwa kutoka wapi?"

"Mjomba alituma," Dada akajibu.

"Mjomba ana macho. Huu mshono wa watu wa nje, unaujua tu."

Moyo wangu ukacheka. Fundi naye alikuwa akimimina chai, na niliona pembe ya mdomo wake ikicheza kidogo. Kama ingeishia hapo, leo ningekuwa mume wa mtu.

"Na wewe ndiye mdogo mtu?" Shangazi akamgeukia. "Nasikia unashona."

"Narekebisha tu, Shangazi. Nguo za mitumba."

"Viraka."

"Ndiyo, Shangazi."

"Mwangalie dada yako vizuri ujifunze. Mkono kama huu wewe ungeweza kuutoa?"

"Nisingeweza, Shangazi."

Alisema akitabasamu. Nilishika kikombe changu kwa mikono miwili. Fundi akanitupia jicho moja fupi: nyamaza.

Shangazi akapokea kikombe chake, akakinusa, akakirudisha kwenye sinia.

"Usinielewe vibaya, binti. Lakini mikono inayofumua nguo za maiti kutwa nzima, hata ukiinawisha..." Akamgeukia mwanamke aliyekuja naye. "Mwenzangu, nimiminie wewe."

Na Fundi, mwanamke niliyemwona akilaza mahameli kama mtu anayemlaza mtoto mchanga, akasema, "Sawa, Shangazi," akakichukua kikombe, akageuka kwenda kukimwaga.

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka kigoda kikianguka.

"Mikono hiyo ndiyo iliyoshona gauni unalolisifu!"

"Pilipili," Fundi akasema kwa sauti ya chini.

"Hapana, ngoja wajue! Hakuna mjomba. Hilo gauni nililitoa mimi kwenye robota, kwa mkono huu. Lilikuwa na mgongo wazi na mkia. Huyu unayemwita mtu wa viraka ndiye aliyelifanya liwe nguo ya heshima. Kama hamuamini, tazameni mkono wa kushoto, kwapani. Vipande vitatu! Mtafutieni huko nje fundi wa kuunga mahameli namna hiyo!"

Nilimaliza nikihema. Nilidhani nimeshinda. Nilimgeukia Fundi nikitarajia sijui nini, labda chozi la shukrani.

Alikuwa akinitazama kama anavyotazama kitambaa alichokwisha kukikata vibaya. Hakuwa na hasira. Alikuwa akipima kama kuna namna ya kukiokoa, na kuona hakuna.

Shangazi akatoa miwani kwenye pochi. "Inua mkono, mwanangu."

Dada akainua.

"Kimoja," Shangazi akahesabu. "Viwili. Vitatu." Akavua miwani. "Mjomba wenu ana kazi."

"Shangazi, nisamehe," Dada akasema. "Niliogopa."

"Nguo yenyewe nimeipenda, siwezi kujikana. Lakini mtu anayeniongopea uzi, ameniongopea nini kingine? Umri wako, binti. Nitajie tena. Taratibu."

Dada akamtazama Mwalimu. Sote tukamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama viatu vyake.

"Thelathini na nane," Dada akasema.

Mtu mmoja upande wao akaguna. Shangazi akamgeukia mwanawe wa kulea. "Na wewe ulijua?"

Nje mtu alikuwa akisukuma mkokoteni, na tulisikia kila mzunguko wa gurudumu.

"Sikujua, Shangazi," Mwalimu akasema.

Dada akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mtu mkubwa akaona aibu kulalamika. Akashusha mkono wake. Hakusema kwamba ni Mwalimu aliyeipanga ile namba. Alisema tu, "Chai inapoa, wageni. Kunyweni."

Hakuna aliyekunywa.

*

Siku ya nne ujumbe wa Mwalimu ukafika. Dada alinisomea mwenyewe, amesimama mlangoni, kwa sababu Fundi alikataa kutoka:

"Naomba tusitishe kwanza. Shangazi presha imepanda. Usinipigie, nitakutafuta mimi."

"Atanitafuta," Dada akasema. "Kwani mimi nimepotea?"

"Dada, nipige. Nitukane."

"Nikutukane nini, shemeji? Nimekusamehe tangu juzi. Ulisema kweli. Tatizo la kweli yako, imekanyaga miguu ya watu wengine."

"Na yeye?"

Alitazama nyuma yake, ndani, ambako cherehani ilikuwa ikikimbia bila kupumzika. "Yeye ni mwingine. Yule hata uzi hakati kwa meno. Atakujibu, lakini usimharakishe."

Mimi na kusubiri hatujawahi kukaa meza moja. Jioni ile ile nikaandika, nikapima kila mstari kwa vidole, nikamtumia:

"Nimekosa sikatai,
Kwako mimi sijidai,
Bila wewe siwi hai,
Nipe neno nipumue."

Jibu lilikuja baada ya saa nzima:

"Maneno haya umeyahesabu vizuri. Yale ya Jumamosi hukuyahesabu."

Nikapiga. Hakupokea. Nikapiga tena.

"Sema," hatimaye akaitika.

"Nitakwenda kwa Shangazi. Nitapiga magoti."

"Ukasema nini?"

"Kwamba kosa ni langu."

"Hilo analijua. Nenda ukitaka. Lakini usiende kwa ajili yangu tena. Kile ulichofanya kwa ajili yangu kimenitosha."

Nikaenda hata hivyo. Mimi, ambaye mgambo wa soko hajawahi kunifanya niinamishe kichwa, nilipiga magoti kwenye saruji ya duka la vyombo, katikati ya masufuria na ndoo, wateja wakinizunguka kama wanazunguka mzigo.

"Inuka, kijana, utachafua suruali," Shangazi akasema.

"Mama, nakuomba. Yule binti hana kosa. Umri ni Mwalimu aliyempangia."

"Najua."

Nikainua uso.

"Nimemlea mimi. Akidanganya, macho yanamtangulia kushuka kwenye viatu. Nilijua pale pale." Alikuwa akifuta sahani, moja baada ya nyingine. "Lakini ameniongopea mbele ya ukoo kwa kuniogopa mimi, na amemkana mwenzake kwa kuniogopa mimi. Nikiwaruhusu, yule binti atakuwa na mume wa nani? Wa kwangu. Mimi nitakufa, na yeye atabaki na mtu asiyejua kusimama. Sasa hapo ninayemwonea ni nani?"

"Mwache achague mwenyewe, mama."

"Mwanangu ameshachagua. Juzi aliniambia niendelee kumtafutia mke mwingine." Aliweka sahani ya mwisho juu ya zingine, akanitazama kwa macho laini ambayo sikuyategemea. "Ila wewe nakushukuru. Chumba kizima kile, wewe ndiye pekee uliyenisemea kweli. Kijana kama wewe ningempenda awe wangu."

Angenitemea mate ningerudi nyumbani na afadhali.

*

Wiki ya tatu nilikwenda kwao bila kupiga simu. Ilikuwa mchana, jua limejaa uani. Nilikuta kamba ya sebuleni ina nguo mbili tu. Nilizizoea zikiwa ishirini.

Fundi alikuwa akifumua ukosi wa shati. Hakuinuka, lakini akasogeza kitambaa kwenye benchi ili nikae. Ukarimu ule uliniuma zaidi.

"Wateja wako wapi?"

"Wanapita kwa mbali."

"Kwa sababu ya maneno ya Shangazi? Kwamba ni nguo za wafu?"

"Wateja wangu wote wanajua wanavaa mitumba. Wanakuogopa wewe." Alivuta uzi, ukatoka mzima. "Nesi mmoja ninayemshonea alikuja wiki iliyopita. Akaniuliza, 'Yule bwana wako, kila nguo anaikumbuka ilivyokuwa?' Nikamwambia ndiyo, kila moja. Akachukua kitambaa chake, akasema atafikiria. Mke wa mwenye gereji naye hivyo hivyo. Wanasema siku ukigombana na waume zao sokoni, utawataja na makwapa."

"Siwezi! Siwezi kufanya hivyo."

"Uliniahidi huku unaniangalia usoni."

Nikatafuta jibu la karibu. "Lakini angalia upande mwingine. Si afadhali Mwalimu amejulikana mapema? Dada angeolewa na mwoga!"

Hapo akaweka shati chini. Ndiyo mara ya kwanza siku ile kunitazama.

"Unadhani Dada hakumjua? Mwanamke wa miaka thelathini na nane hajui kuuona uoga wa mwanaume? Alimjua kuliko Shangazi. Alimtaka hivyo hivyo. Mwalimu alikuwa anamletea machungwa ya shule, ananikoshea vyombo, anamsikiliza. Dada hakuwa anatafuta shujaa. Shujaa angemfanyia nini? Angempigania halafu aende zake, kama wewe."

"Nilikupigania wewe! Alikataa chai ya mkono wako!"

"Na mimi nilikuwa nimekubali ikataliwe. Nilijua atasema. Nilijiandaa wiki nzima. Kila tusi alilonitupia nililipokea nikisema moyoni, hili ni la Dada, na hili ni la Dada. Nilikuwa namlipia mashuka. Kilibaki kikombe kimoja tu, wangeondoka na tarehe ya harusi." Sauti yake ilikatika, akaingoja irudi. "Ukaona uchungu wako ni mkubwa kuliko uvumilivu wangu."

"Nakupenda."

"Najua. Mimi pia."

"Basi?"

"Basi ndiyo hivyo. Nakupenda, na kila nikikupa siri nitakuwa nasubiri siku utakayonitetea tena. Siwezi kuishi hivyo miaka arobaini."

"Nitabadilika. Naacha mitumba. Nitauza viazi, nitauza ndoo, sitashika kitambaa tena maishani."

Alitabasamu, na ule ulikuwa mbaya kuliko machozi. "Na kichwa utakiuza wapi? Vilivyokwisha kuingia humo vitatoka?"

Dada alipita kutoka uani na beseni la nguo mbichi. Akanisalimu, "Shemeji, hujambo," kwa mazoea, kisha akasimama, kama aliyegundua amelitumia neno vibaya, akaingia ndani bila kulirekebisha. Siku hizi alikuwa amerudi kufua mashuka ya hosteli.

"Nipe mwaka mmoja," nikasema. "Nisikuone, nisikusemeshe. Halafu nije."

"Usije."

"Miaka miwili."

"Usinipimie."

Kivuli kikaingia mlangoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfuko wa nguo kifuani, tayari ameshafungua mdomo kwa salamu. Akaniona. Mkono wake ukaukunja mdomo wa mfuko kwa haraka, kama mtu aliyefumaniwa bafuni.

"Aa, Fundi, una mgeni. Nitarudi baadaye."

"Karibu, mama, huyu si mtu wa—"

"Hapana, hapana. Baadaye." Akaondoka karibu kwa kukimbia, mfuko ameubana.

Tulibaki tunatazama mlango mtupu.

"Umeona?" Fundi akauliza.

"Nimeona."

"Ndiye wa kwanza wiki hii."

Nikasimama. Nilikuwa na maneno, Mungu anajua, nilikuwa nayo tele, na yote yalikuwa na vina. Niliyameza. Nilitaka anishike hata kiwiko. Alikuwa amekwisha kulichukua lile shati.

"Nenda," alisema bila kuinua kichwa. "Arudi."

Nilitoka. Yule mama alikuwa amesimama kwenye kona, mgongo ukutani, mfuko nyuma yake, akijifanya anasoma simu. Aliniona nikija akageuzia uso pembeni. Alikuwa ananisubiri nipite.

Nikavuka barabara, nikaharakisha hatua, ili asikawie kurudi.